Dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini: maswali tunayoulizwa sana Tanga

Wagonjwa wengi hii dawa wanaijua kwa rangi tu, "ile nyekundu". Jina lake ni doksorubisini, kwenye kichupa utakuta imeandikwa Doxorubicin. Mimi ni nesi, naishi hapa hapa Tanga mjini, na watu wetu wakishachomwa kemo (dawa za saratani) Dar pale Ocean Road, au KCMC Moshi kwa wale wa upande wa Korogwe na Lushoto, wanarudi nyumbani na maswali ambayo siku ile hawakupata nafasi ya kuuliza au waliuliza wakasahau majibu kwasababu kichwa kilikuwa kimejaa. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Daktari anayekutibu ndo anaujua mwili wako, akikuambia tofauti na hapa mfuate yeye. Ila kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la homa.

Hii dawa inatibu nini hasa?

Wengi wanaokutana nayo ni wa saratani ya matiti, lakini inatumika pia kwa saratani za tezi (limfoma), baadhi ya saratani za damu, za mifupa na nyama, na kwa watoto ile ya figo. Mara nyingi haiji peke yake. Kwenye titi kwa mfano inachomwa siku moja na saiklofosfamaidi, dawa nyingine ya kemo, afu unakaa mpaka siku ya 21 ndo unarudi. Kazi yake ni kuvuruga seli zinazojigawa haraka, sasa tatizo ni kwamba mwilini kuna seli nzuri nazo zinajigawa haraka, za mizizi ya nywele, za ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo, na za uboho ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ukishalishika hilo, madhara mengi nitakayoyataja huku chini utajua yanatokea wapi.

Mbona kila nikienda wananipima uzito, na damu wanatoa tena?

Dozi inapigwa hesabu kwa ukubwa wa mwili, urefu na uzito wako, ndo maana ya jirani yako haiwezi kuwa yako hata kama ugonjwa ni mmoja. Kwahiyo panda mzani vizuri, vua viatu, na kama umepungua usione aibu kusema. Damu wanaangalia kama seli zako zimerudi juu za kutosha kubeba dozi nyingine, na ini wanaliangalia kwasababu ndo linaisafisha hii dawa, ini likichoka dozi inabidi ipunguzwe. Kabla ya kuanza unatakiwa pia uwe umepimwa homa ya ini B, manake virusi vikiwa vimelala mwilini kemo inaweza kuviamsha. Na moyo unapigwa eko, ile picha ya kuangalia unavyofanya kazi. La moyo nalirudia baadae.

Nimetoka kuchomwa, nimeenda kujisaidia mkojo mwekundu kabisa. Ni damu?

Ni rangi ya dawa. Inaendelea siku moja mpaka mbili afu inaisha, waliowahi kumeza dawa za TB wanaijua hali hii. Kunywa maji ya kutosha. Ukiona bado ni mwekundu siku ya tatu na kuendelea, au kuna mabonge, au unapata maumivu ukikojoa, hapo rudi ukapimwe, hasa kama umechomwa pamoja na saiklofosfamaidi ambayo yenyewe inaweza kukwangua kibofu.

Wakati dawa inaingia mkono uliwaka moto. Nilivumilia, nilifanya vibaya?

Siku nyingine usivumilie hata nusu dakika. Hii dawa ni ya mshipa tu, haichomwi kwenye msuli wala chini ya ngozi, na ikivuja nje ya mshipa inakula nyama. Nasema inakula kwa maana yake halisi, inaweza kuanza na wekundu na kauvimbe kadogo leo, baada ya siku kadhaa au hata wiki ngozi ikawa nyeusi ikafunguka kidonda ambacho kupona kwake ni kazi kubwa na wengine inabidi wapasuliwe. Kwahiyo pale kwenye kiti cha dripu, ukisikia inachoma, inauma, inabana, au ukiona pembeni ya kanula, kile kibomba kilichoingizwa kwenye mshipa, pamevimba, mwite nesi kwa sauti. Usiwaze kwamba utaonekana mdekaji. Mama zetu wa pwani wana ile tabia ya kusema "aah si kitu mwanangu" huku meno wameyakaza, hapana, hapa ni kitu.

Nesi atasimamisha dawa, kanula haing'oi kwanza, atajaribu kuvuta dawa irudi kupitia hapo hapo, afu daktari aitwe. Kuna wakati unatokea mstari mwekundu unaowasha kufuata mshipa na unapotea wenyewe muda si mrefu, huo sio kuvuja, lakini wa kuamua ni yeye, wewe kazi yako ni kusema.

Sasa sikiliza hii kwasababu nyumbani ndo tunapoharibu: ukirudi mkono ukaanza kuuma, usikandwe na maji ya moto. Najua kukanda ndo dawa yetu ya kwanza kwa kila maumivu, bibi anachemsha maji anachukua kitambaa bila hata kuuliza. Kwa doksorubisini ni baridi, kitambaa cha baridi au barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 mpaka 20 kwa mara moja, mara nne kwa siku, mkono uuinue juu, usiuchue, usipake chochote, na uende hospitali siku ile ile. Pia kama umetolewa titi upande mmoja, kumbusha kabla hawajakuchoma ili watumie mkono wa upande mwingine.

Homa imenipanda siku kama ya kumi baada ya kemo. Si malaria hii?

Inaweza kuwa malaria, hapa Tanga mbu tunao, sibishi. Lakini wewe uliyechomwa kemo huruhusiwi kuanza na hilo wazo.

Iko hivi. Baada ya kuchomwa, seli nyeupe za damu zinaanza kushuka taratibu, zinafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, zinapanda tena kuelekea siku ya 21. Hizo ndo askari wako. Zikiwa chini, bakteria wa kawaida tu, hata wale wanaoishi utumboni mwako siku zote bila shida, wanaweza kuingia kwenye damu, na mtu anaweza kuwa ameamka vizuri amekunywa chai, jioni yuko mahututi. Usaha hauonekani, kikohozi hakuna, kidonda hakuna, kwasababu hizo dalili zinaletwa na hizo hizo seli ambazo hazipo. Kinachobaki kukuambia ni homa peke yake.

Kwahiyo joto likifika 38 unaenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane ya usiku, hata kama bodaboda ni shida na mvua inanyesha Makorora nzima. Na unaenda hospitali kubwa yenye maabara na dawa za sindano, mtu wa mjini hapa ni Bombo, wa Muheza au Korogwe aende hospitali iliyo karibu na aseme mapema kama anahitaji kupelekwa mbele. Usipitie duka la dawa. Usinunue mseto ukameza halafu usubiri kesho uone. Na usimeze panado kwanza ili "kushusha shusha", panado inashusha namba kwenye kipimajoto wakati ugonjwa unaendelea kupanda, ukifika pale wanakuona hauna homa wanakuweka kwenye foleni.

Ukifika mapokezi usiseme "nina homa" ukakaa kwenye benchi. Sema: "Mimi ni mgonjwa wa saratani, nimechomwa kemo tarehe fulani, nina homa." Toa ile karatasi yako. Watakupima malaria ndio, lakini waombe na FBP, picha nzima ya damu, na antibayotiki za mshipa zinatakiwa zianze ndani ya saa moja bila kungoja majibu yote. Hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, hiyo haifuti uwezekano wa bakteria, unaweza kuwa navyo vyote viwili.

Kuna wengine homa haipandi ila wanatetemeka baridi, wanachanganyikiwa, wanapumua haraka, au mwili umekuwa baridi na umelegea. Hao pia waende, wasingoje 38.

Nunua kipimajoto. Kuweka mkono kwenye paji la uso sio kupima. Na ufanye hivi, chukua kalenda ya ukutani, ile wanayogawa madukani mwisho wa mwaka, zungushia kwa kalamu siku uliyochomwa halafu hesabu, siku ya 7 mpaka ya 15 zipigie mstari mwekundu. Mtu yeyote wa nyumbani akipita hapo sebuleni anajua wiki hii mama asiachwe peke yake usiku na hela ya bajaji iwe ipo. Karatasi ya hospitali yenye jina la dawa, dozi na tarehe ipige picha na simu ya zaidi ya mtu mmoja.

Kutapika je, naambiwa ni kubaya sana?

Zamani kulikuwa kubaya kuliko sasa. Kuna dawa za kuzuia unapewa kabla ya kemo na za kwenda nazo nyumbani, ondansetroni na nyinginezo, na kosa kubwa ni kungoja utapike ndo umeze. Meza kwa saa ulizoandikiwa, hasa siku mbili tatu za mwanzo, hata kama unajisikia mzima. Kwa safari ya basi Dar mpaka Tanga, ni kilomita kama 350, kaa viti vya mbele, kula kidogo kidogo kitu kikavu, beba mifuko, na barakoa. Chai ya tangawizi inawasaidia wengi, harufu ya samaki wa kukaanga inawashinda wengi, kwahiyo anayepika apike nje kama inawezekana. Kama hata maji hayakai tumboni siku nzima, rudi hospitali.

Mdomo umejaa vidonda siwezi kumeza hata uji.

Vinatokea, mara nyingi wiki ya kwanza au ya pili. Sukutua mara nyingi kwa siku na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, mswaki uwe laini kabisa. Pilipili, ndimu, embe mbichi acha kwanza, na dawa za kusukutua za madukani zenye spiriti usitumie. Uji upoe. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyogandia ulimi ni fangasi, kuna dawa yake, waambie. Ukishindwa kunywa kabisa hilo sio la kukaa nalo nyumbani.

Nywele zitatoka zote? Na kucha mbona nyeusi?

Kwa dawa hii nywele karibu wote zinatoka, kuanzia wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, zinatoka kwa mafungu kwenye mto na kwenye kitana, nyusi na kope nazo zinaweza kwenda. Wengi wanaona bora kunyoa mapema wenyewe kuliko kuziona zinadondoka. Zinarudi, miezi miwili mitatu baada ya kumaliza utaanza kuziona, pengine laini kuliko mwanzo. Kichwa kikiwa wazi kinaungua jua haraka, kanga laini ya pamba au ushungi mwepesi kwa akina mama, na baba zetu kofia wanazo tayari.

Kucha, viganja na hata ulimi kuwa vyeusi ni rangi tu, kwa ngozi zetu inaonekana zaidi. Naliandika kwasababu nimeshasikia majirani wakimwambia mgonjwa amerogwa, au kwamba dawa imemkataa. Hakurogwa.

Nile nini, na niache nini?

Kula chochote unachokiweza, kilichoiva vizuri na kikaliwa cha moto. Samaki, dagaa, maharage, mayai yaliyokauka, ndizi, mihogo, vyote sawa. Pweza wa kuchemshwa akaiva sawa, ila yule aliyekaa kwenye sinia barabarani tangu mchana mwache. Kachumbari ya nje acha, ya nyumbani osha kwa maji safi na ule papo hapo. Machungwa ya Muheza menya mwenyewe mikono ikiwa imeoshwa. Dafu ni zuri lakini liangalie lile panga, linapita kila mahali, bora likatwe nyumbani kwa kisu chako. Juisi ya miwa yenye barafu ambayo hujui maji yake hapana, na maziwa yachemshwe. Kuna watu wanawakataza wagonjwa nyama na sukari mpaka mtu anakonda dozi zinaahirishwa, inaniuma sana hiyo, mwacheni ale.

Nikichanganya na mlonge, mwarobaini au dawa ya mzee fulani?

Wakati wa kemo naomba usichanganye. Baadhi ya mitishamba inaenda kulichosha ini lile lile linalosafisha doksorubisini, na ikitokea shida daktari hajui ni ipi iliyoleta. Kama ulishaanza, mwambie daktari wazi hata akikunja uso. Hali kadhalika dawa za hospitali nyingine, za kifafa, za presha, za moyo, ARV, zitaje zote, zipo zinazopandisha au kushusha nguvu ya kemo. Na usiache yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Ramadhani imefika, nifunge?

Ongea na daktari wako na shehe wako, ila mimi nikiulizwa kama nesi nasema hapana, siku za kemo na zinazofuata mwili unahitaji maji na dawa za kuzuia kutapika zinamezwa mchana. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo kwenye Sura ya Baqara, na dini imeiweka kwa ajili ya mtu kama wewe.

Je nitawaambukiza watoto nyumbani? Anayeniuguza avae glavu?

Saratani haiambukizi. Kukumbatiana, kula sahani moja, mjukuu kulala ubavuni, yote ruhusa ilimradi mtoto hana mafua au surua ya kukuletea wewe. Cha kuangalia ni dawa inayotoka kwenye mkojo, choo na matapishi, kwa siku kama 5 baada ya kila dozi. Anayesafisha avae glavu, anawe kwa sabuni, na mjamzito asishike kazi hiyo. Nguo na shuka zilizolowa zifuliwe peke yake. Choo cha kuvuta funika kisha vuta mara mbili, cha shimo mwaga maji mengi taratibu yasiruke, na wanaume wakojoe wamechuchumaa siku hizo.

Na mambo ya ndani, mimba, kunyonyesha?

Tendo sio haramu ya kitabibu kama nguvu unayo, tumieni kondomu. Mimba hapana, dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa mwanamke ni wakati wote wa matibabu na angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho, na mwanaume anayetibiwa naye azuie, muda wake amuulize daktari. Mwenye saratani ya titi asikimbilie sindano au vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni, kuna kondomu na kitanzi cha kopa. Hedhi inaweza kukatika lakini hiyo sio kinga, watu wamepata mimba hedhi haijarudi. Kwa waliokaribia umri wa kukoma inaweza isirudi tena. Kunyonyesha unasimama, wakati wa dozi zote na angalau siku 10 baada ya ile ya mwisho.

Nimesikia inaua moyo, nataka kuacha.

Usiache, sikia kwanza. Ni kweli inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na madhara hayo yanajumlishwa maisha yako yote, kwahiyo kuna kiwango cha juu, miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na kinashushwa mpaka kati ya 400 na 450 kwa waliopigwa mionzi ya kifuani. Sasa piga hesabu, mgonjwa wa titi wa dozi nne za 60 amefika 240. Bado yuko mbali. Ndo maana ile kadi ya dozi usiitupe hata ukipona, ugonjwa ukirudi baada ya miaka 10 daktari mwingine lazima ajue ulishatumia ngapi.

Wenye presha, kisukari au moyo wenye shida tangu zamani wanaangaliwa kwa karibu zaidi. Ukianza kukosa pumzi ukipanda ngazi ulizokuwa unapanda, miguu ikavimba, ukashindwa kulala bila mito mitatu, au moyo unaenda mbio umekaa tu, nenda. Hata kama ulimaliza kemo miaka mingi nyuma, taja kwamba uliwahi kuchomwa dawa nyekundu.

Nauli imekosekana, nikichelewa wiki moja kuna shida?

Piga simu kabla ya tarehe, usikae kimya. Wao wenyewe wakati mwingine wanasogeza kama damu haijapanda, lakini kuchelewa bila mpango kila mara kunaupa ugonjwa nafasi. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ipo kwa ajili ya watu wasio na uwezo, nenda ukajieleze pale kabla deni halijawa kubwa.

Dawa imeisha hospitali, nimeambiwa ninunue nje. Nitaibebaje?

Nunua famasi kubwa yenye kibali, omba risiti, angalia tarehe ya kuisha. Ya unga inakaa kwenye joto la kawaida la chumba, ila ile ya maji inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, kwahiyo ibebwe kwenye kikasha cha baridi na isigande, isigusane na barafu moja kwa moja. Usiiweke kwenye friji la nyumbani karibu na chakula au mahali mtoto anafika. Kichupa kikivunjika usifute kwa mkono, glavu, karatasi nyingi, sabuni na maji, watoto watoke. Na isichomwe zahanati ya mtaani hata kama anayechoma ni ndugu yako na anajua kutafuta mshipa, ichomwe kwenye kitengo cha kemo ambako wana vifaa vya kukusaidia ikivuja.